Mfupa Uliounga

Kwa miaka minne nilikataa kuitwa mjane, mpaka Kamembe nzima ikachoka kunibishia. Mwanamke akinipa pole sokoni, nilimuuliza pole ya nini. Akibabaika, nilimwambia anipimie samaki wake wadogo wa sambaza aache maneno. Mume wangu Hamdani alikuwa Congo, basi. Aliondoka nyumbani mwezi wa nne mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, kwa baiskeli, akaenda Gitambi kuwachukua wanafunzi wake wawili waliokuwa wamejificha huko, na hakurudi. Lakini kuna mtu aliyemwona akivuka daraja la Rusizi kuingia Bukavu. Mtu huyo ni Habimana, mlinzi wa shule yetu, na Habimana hakuwa mtu wa porojo. Nilimwamini, nikaanza kumsubiri mume wangu.

Hamdani na mimi tulikuwa walimu wa shule moja ya sekondari, hapo kilimani juu ya mji. Yeye alifundisha fizikia, mimi biolojia, na kemia alikuwa nayo Cassien, bwana mmoja mpole aliyeuawa mwanzoni kabisa. Shule ilipofunguliwa tena nilikuta madirisha hayana vioo, maabara haina hata bomba la maji, na katika walimu wa sayansi nimebaki mimi peke yangu. Mkuu mpya wa shule, Véronique, Mnyarwanda aliyekulia Uvira, alinipa nusu boksi ya chaki.

"Madame Zulaikha," alisema, "utachanganya yote tatu, ikuwe somo moja tu. Batoto ba mwaka ya kwanza bataanza na wewe."

Nikamwambia kuchanganya najua, mimi ni mtoto wa Kiislamu wa Kamembe, pilau nimepika tangu sijaota meno ya utu uzima. Lakini pilau bila mchele, bila nyama na bila sufuria sijawahi. Véronique alicheka. Mimi sikuwa natania.

Nikafundisha kwa njia ya Hamdani, maana nyingine sikuwa nayo. Hamdani hakuamini somo la mdomo. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ilimbidi alete kitu kutoka kwao: majivu, chumvi, chura, betri iliyokwisha, jiwe la chokaa kutoka Bugarama. Somo la mifupa ndilo alilolipenda kuliko yote. Kila mtoto alileta mfupa mmoja, wa mbuzi, wa kuku, wa samaki, wowote ule, na darasa zima liliipanga juu ya meza ndefu mpaka apatikane mnyama mmoja. Mnyama mwenyewe alikuwa kioja, kichwa cha mbuzi, mbavu za ng'ombe na miguu ya kuku, na watoto walimwita Asiye na Jina. Wakishacheka wakachoka, hapo ndipo Hamdani alipoanza kufundisha.

Mwishoni alikunja mkono wa shati. Alikuwa amevunjika kigasha mwaka 1991, breki za baiskeli zilipokatika kwenye mteremko wa Nyakarenzo, na daktari mmoja wa Bukavu akamfunga bamba la chuma juu ya mfupa kwa skrubu. Watoto walipanga foleni kuligusa chini ya ngozi.

"Chuma kimeshika tu," aliwaambia. "Kilichounga ni mfupa wenyewe, kwa sababu mwenyewe niko hai. Maiti haungi."

Kisha alibandika dirishani picha ya eksirei ya mkono wake, waone skrubu moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilikuwa imeingia upande, na daktari aliiacha hivyo hivyo. Picha ile ilibaki nyumbani, nami niliendelea kuitumia darasani.

Alikuwa na sheria moja, kwamba swali la mtoto halilali njaa. Kama hakujua jibu alikwenda kulitafuta, na kesho yake alilijibu kabla ya kuita majina. Mtu wa namna hiyo ukimwambia wanafunzi wako wamejificha Gitambi na wanasakwa, utamzuiaje? Nilijaribu. Nilishika baiskeli mlangoni nikamwambia barabara nzima ina vizuizi, na kwamba huko hata Waislamu hawaulizwi dini, wanaulizwa kwa nini wanaficha watu. Akasema, "Zulaikha, ni wanafunzi wangu." Akanitoa mkono kwenye usukani taratibu, kidole kimoja kimoja.

Baada ya hapo niliacha kula. Sikukusudia, chakula kilikataa tu kushuka. Siku moja Habimana alikuja uani, akavua kofia, akasema alimwona Mwalimu akivuka daraja, amevaa shati lake la kaki, anakwenda haraka. Siku ile nilikula ugali sahani mbili, nikaomba maziwa.

Vita ilipoingia Congo mwaka 1996 na makambi ya wakimbizi yakavunjika, watu walirudi kwa daraja lile lile, na vichwani wamebeba magodoro, masufuria, watoto. Nilisimama pale kila nilipomaliza kufundisha, nimeshika shati safi lililopigwa pasi, maana nilijua atakuja na matambara. Askari walinizoea. Mmoja alikuwa akiniuliza, "Maman, leo tena?" nami namjibu, "Leo tena, na wewe leo tena unauliza." Niliangalia mikono ya wanaume kabla ya nyuso zao. Nyuso hubadilika kwa njaa, lakini kovu la Hamdani ningelitambua mbali.

Shehe Ridhwani, aliyetuozesha, alikuwa amenieleza mapema kwamba mwanamke aliyepotelewa na mume anasubiri miaka minne, kisha anakaa eda ya kufiwa, kisha yuko huru. Miaka minne ilipotimia, mwaka 1998, alikuja na mkewe kunikumbusha. Niliwapa chai yenye tangawizi, nikawaambia eda ikaliwe na aliyefiwa. Shehe akasema, mwanangu, subira huvuta heri, lakini hata subira ina mwisho wake. Nikamjibu kuwa yangu bado inavuta, asinikatie kamba. Mkewe aliinamisha macho kwenye kikombe.

Mwaka huo katika mwaka wa kwanza alikuwepo msichana akiitwa Emerance. Alikulia Bukavu, wazazi wake walifia njiani walipokimbilia msituni wakati wa vita ile, na wasamaria wema wakamleta kwa bibi yake mzaa baba, huko Gitambi. Alilala bwenini na wanafunzi wengine, na siku za mapumziko alikwenda kumsaidia bibi yake kulima. Emerance aliuliza maswali mpaka wenzake wakamzomea. Kwa nini jasho lina chumvi? Kwa nini maji ya moto ya chemchemi za Nyakabuye hayapoi? Je, samaki anaposikia kiu anafanyaje? Nilijifanya kukereka. Ukweli ni kwamba nilimpenda yule mtoto kupita kiasi, na nilipokuwa nikitafuta majibu yake jioni, nilijisikia kama Hamdani yuko chumba cha pili anavua viatu.

Basi tukafika kwenye somo la mifupa. Jumatatu asubuhi meza ndefu ilikuwa imejaa. Tulikuwa na fuvu la mbuzi, mbavu, uti wa mgongo wa samaki mkubwa, na mapaja ya kuku yasiyo na idadi kwa sababu ilikuwa imepita sikukuu. Emerance aliingia wa mwisho, ametoka moja kwa moja kwa bibi yake, koko kama alivyomwita, miguu ina udongo mwekundu, na kifurushi cha jani la mgomba mkononi.

"Madame, yangu niko nayo," alisema, anahema. "Nilipata mu shamba ya koko. Tulikuwa tunalima viazi, jembe ikagonga. Nilizani ni ya ngombe ya mapadri, juu iko na chuma. Pengine daktari ya banyama aliitengenezaka."

"Ngombe ya mapadri banaivalisha saa!" akasema Cyusa, mchekeshaji wetu, na darasa likaangua kicheko.

Nilicheka nao. Nilifungua jani huku bado ninacheka, nikaona bamba. Lilikuwa limeota kutu pembeni, udongo umejaa kwenye vishimo vya skrubu. Nikahesabu skrubu bila kutaka, kama nilivyozihesabu mbele ya madarasa yote, mpaka ya mwisho. Ya mwisho ilikuwa imeingia upande.

Eksirei ilikuwa dirishani, nimeibandika mwenyewe asubuhi hiyo. Sikuhitaji kugeuka kuitazama.

Watoto waliacha kucheka mmoja mmoja. Sina hakika kama walielewa. Walioona mengi mwaka 1994 nadhani walielewa, maana msichana mmoja wa mstari wa mbele alianza kusogeza kiti chake nyuma. Emerance hakuelewa. Yeye hakuwa hapa mwaka ule. Alikuwa ameinama juu ya mfupa, kidole chake kinatembea juu yake kama nilivyowafundisha, kutoka upande wa kiganja kupanda kuelekea kiwiko.

"Madame," akaniuliza, "hapa kwa chuma mufupa ilivunjikaka ikajiunga, njo vile ulitufundisha. Sasa hapa juu kunakatika tena, na haikujiunga. Juu ya nini?"

Kwa nini haukuunga, alitaka kujua. Nikatazama pale kidole kilipofika. Palikuwa na mkato mmoja, ulionyooka, safi, kingo zake kali kama siku ulipokatwa. Mtu akipigwa huinua mkono kukinga kichwa.

"Tokeni nje," nikasema.

Walitoka. Hilo lilikuwa swali la kwanza la mwanafunzi nililolilaza njaa.

Niliufunga mfupa ndani ya mtandio wangu, nikaupakata, nikatembea mpaka getini. Habimana alisimama kunifungulia, akauona mtandio, akaona jinsi nilivyoupakata. Ncha ya bamba ilikuwa imechungulia. Aliachia geti, akakaa chini palepale kwenye kokoto, mtu mzima, kofia mapajani.

"Habimana," nikamwambia, "ulimwona wapi mume wangu akivuka?"

"Maman, unisamehe."

"Sikuulizi msamaha. Nakuuliza wapi."

"Sikumuona," akasema. "Baiskeli yake njo nilionaka, kule Gitambi, mutu mwingine anaipanda. Nikayua imekwisha. Nikakuya kukuambia. Nikakukuta kwa mulango, umekauka, haukukuwa unakula. Nikaogopa, nikasema nikimwambia huyu, leo nitazika babili. Nikasema akisikia amevuka, atakula." Alijipangusa uso kwa kofia. "Na ulikula, Maman."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, nilitafuta kitu cha kumpigia, nikakuta nilichoshika mkononi ni mfupa wa Hamdani. Miaka minne ya pasi na sabuni, miaka minne ya kukodolea mikono ya wanaume wa watu darajani, yote ilitoka kwenye huruma ya mlinzi wa geti! Na ubaya wake ni kwamba alikuwa amesema kweli. Kama si uongo wake ningekufa mwaka ule ule, na sikujua kama nimshukuru au nimlaani, kwa hiyo nikampita.

Kesho yake tulikwenda Gitambi, mimi, Shehe Ridhwani, wanaume wawili wa msikitini, konseye, yaani diwani wa sekta, na Emerance wa kutuonyesha njia. Hakuna aliyemwambia lolote, lakini mtoto yule alikuwa na akili, na njia nzima hakuuliza swali hata moja. Alitembea mbele yangu amejikumbatia.

Bibi yake, Mukankusi, alikuwa amekaa mbele ya nyumba anamenya maharage. Alitutazama tunavyopanda, akaweka ungo pembeni, akanyanyuka kwa shida. Hakujifanya kushangaa. Alitutangulia mpaka kwenye kiraka cha viazi nyuma ya migomba, akasimama, akazungumza Kinyarwanda kwa sauti ya mtu aliyejisemea maneno hayo mara nyingi peke yake.

"Kizuizi kilikuwa pale kwenye njia panda," alisema. "Walimwambia aache baiskeli arudi kwao, yeye hawamtaki. Akasema hawezi kurudi bila wanafunzi wake. Wakamcheka. Akajaribu kupita." Alikaza kanga kiunoni. "Wanafunzi wenyewe walikuwa wameuawa jana yake. Hakuna aliyemwambia."

Shehe akamuuliza nani alimzika.

"Mimi. Mbwa walikuwa wameanza kuzunguka. Nilimvuta kwa mkeka, nikachimba mpaka nguvu zikaniisha. Ndiyo maana hakwenda chini sana. Mvua za miaka hii zimemwinua."

"Na miaka yote minne, mukecuru," nikamuuliza yule bibi mzee, "ulishindwa kumtuma hata mtu mmoja Kamembe? Alikuwa na kofia ya Kiislamu kichwani! Ulijua pa kuuliza!"

"Nilijua," akasema. Aligeuka akamtazama Emerance, aliyekuwa amesimama mbali kidogo chini ya mgomba. "Waliokuwa kwenye kizuizi nawajua. Mmoja nilimnyonyesha. Alikuwa baba wa huyu, kabla hajakimbia kuwafuata mkewe na mtoto Bukavu."

Emerance alisikia. Sisi sote tulimwona akisikia. Hakulia wala hakukimbia, alikaa chini tu, akaanza kung'oa majani, moja, jingine, jingine. Nami, Mungu anisamehe, wakati ule sikuwa na nafasi moyoni ya kumwonea huruma mtoto wa mtu huyo. Nilikuwa natazama udongo.

Wanaume walichimba kwa mikono na vijembe vidogo. Walimkuta amelazwa ubavu wa kulia, kama tunavyolaza maiti zetu, mkono mmoja chini ya shavu. Lakini uso ulielekea magharibi, upande wa ziwa. Shehe akashangaa, akauliza kwa upole kwa nini ule upande.

"Niliwahi kuona wakimzika muuza nguo mmoja Mwislamu kule Bugarama," Mukankusi akasema. "Nikaona anageuzwa. Nikajua watu wenu wanageuzwa kuelekea msikiti. Na msikiti wenu mkubwa uko Kamembe, kwa hiyo nilimgeuza kuelekea Kamembe." Alitutazama mmoja mmoja, uso wake mzee umejaa wasiwasi. "Nilikosea?"

Kibla kiko kaskazini, mkono mwingine kabisa. Mimi nilisimama nikafikiria mambo mawili kwa pamoja, kwamba bibi huyu alinifungia mume wangu ardhini miaka minne ili kumficha mwanawe, na kwamba kwa muda wote huo Hamdani alikuwa amelala anatazama nyumbani.

"Ulimlaza vizuri," nikamwambia. "Lakini ungeniambia."

Akaitikia kwa kichwa. Hatukusameheana pale. Watu hupenda kusimulia kuwa watu walisameheana. Sisi tulisimama tu kila mtu upande wake wa shimo.

Wanaume walitandaza sanda wakaanza kuitoa mifupa, wakiiweka kwa heshima lakini ovyo, ya mguu kifuani, ya kidole miguuni. Niliwaambia wasogee. Mmoja akasema, Bi Zulaikha, hii ni kazi ya wanaume. Nikamuuliza mwanamume gani hapa anajua mfupa huu unakaa wapi, nikapiga magoti. Nilimpanga mume wangu mwenyewe. Uti wa mgongo, kipande kwa kipande, mbavu za kulia na za kushoto, mifupa midogo ya viganja ambayo wanafunzi huikosea kila mwaka. Ilikuwa kazi niliyoizoea, na kwa muda nilisahau kabisa nilichokuwa nikikifanya, mpaka nilipofika kwenye kigasha cha kulia nikakuta nafasi tupu. Nikafungua mtandio, nikaurudisha mfupa wenye chuma mahali pake. Hapo nikakumbuka.

Tulimzika Kamembe siku hiyo hiyo, ameelekea anapopaswa kuelekea. Véronique aliwaleta wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza. Habimana alisimama nyuma kabisa, karibu na barabara.

Usiku watu walipotawanyika nilimwambia Shehe kuwa sasa niko tayari kukaa eda. Nilikuwa nimeshatoa nguo zangu za rangi kwenye sanduku, nimezikunja ili dada yangu azichukue. Nilikuwa naitaka ile eda, nakuambia. Nilitaka miezi minne na siku kumi za kukaa chini, za watu kuingia wakikohoa, za kutotazamiwa kufanya lolote.

Shehe Ridhwani alipangusa miwani kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "eda huhesabiwa tangu siku mume alipofariki, mke ajue asijue. Yako ilikwisha zamani. Ilikwisha mwaka ule ule."

"Ilikwishaje, na mimi sikuikaa?"

"Ilikwisha. Ndiyo sheria. Huna deni lolote."

Nikafanya hesabu. Mwezi wa nane mwaka 1994, wakati naosha kuta za nyumba kwa chokaa ili akija akute pasafi, eda yangu ilikuwa inakwisha, na hakuna aliyekuja kunitoa. Nilikuwa mjane, nikamaliza kuwa mjane mpya, nikawa mjane wa zamani, bila hata kuvaa nguo ya eda. Nilimwambia Shehe aende nyumbani kwake. Sikumwambia kwa adabu.

Kwa hiyo Jumatatu iliyofuata nilirudi darasani, kwa sababu sikuwa na pengine pa kukaa. Meza ndefu ilikuwa imesafishwa. Eksirei ilikuwa bado dirishani, hakuna aliyethubutu kuigusa. Kiti cha Emerance kilikuwa kitupu. Cyusa akaniambia, bila utani safari hii, kwamba hakurudi tangu siku ile, na sanduku lake bado liko bwenini. Nikasema tutasoma joto na kipimajoto. Nikageukia ubao, nikaandika tarehe, na chaki ikakataa kwenda mbele. Nilikuwa nasikia lile swali. Wiki nzima, kwenye mazishi, mbele ya Shehe, lilikuwa limekaa pale pale limekunja mikono. Juu ya nini?

Nikamwachia Véronique darasa, nikapanda gari la abiria la kwenda Bugarama, nikashuka njiani, nikapanda kilima cha Gitambi kwa miguu. Nilipita ile njia panda. Palikuwa na mwanamke anauza ndizi mbivu.

Emerance alikuwa nyuma ya migomba, analifukia lile shimo kwa jembe. Aliponiona aliliweka chini, akainamisha kichwa.

"Madame, usikuye huku," alisema. "Papa yangu njo alikuuliya bwana. Na miye nikamutoa na jembe, nikamuleta mu darasa, bakamucheka. Siwezi kurudi kule."

"Nilicheka hata mimi," nikamwambia. "Hakuna aliyejua. Keti."

"Sitaki, Madame."

"Sikukuuliza kama unataka. Uliuliza swali, na hukujibiwa. Keti."

Akaketi ukingoni mwa shimo. Nami nikaketi kando yake, na nguo yangu ikashika udongo. Nilikunja mkono wangu wa kulia, nikachukua kidole chake nikakiweka juu ya kigasha changu, katikati.

"Hapa ndipo alipoanguka na baiskeli," nikasema. "Mfupa ukivunjika, mwili unaleta damu, damu inaganda, inaota mfupa laini, na ule laini unakomaa. Inachukua wiki nyingi. Alizipata. Alikuwa analala kitandani analalamika uji wangu una mabonge, na mfupa unaendelea na kazi yake. Ndiyo maana hapa uliunga."

Nikakisogeza kidole juu, karibu na kiwiko. Kilikuwa baridi.

"Na hapa hakupata muda. Mfupa ukikatwa, hata mtu akiishi wiki chache tu, kingo zinaanza kulainika, unaziona. Hizi hazikulainika. Unajua maana yake?"

Alitikisa kichwa. Alijua, lakini alitaka niseme mimi.

"Hakuishi."

"Hata siku moja, Madame?"

Nilikuwa nimelihisi jibu tangu pale mezani. Mfupa wenyewe hauhesabu siku; maneno ya bibi yake yalimalizia. Lakini kulijua na kulitamka mbele ya mwanafunzi ni mambo mawili, na nilipofungua kinywa niliyaona yote, daraja, shati lililopigwa pasi, kuta za chokaa, sambaza na pole za sokoni, sahani mbili za ugali. Nilimsubiri miaka minne mtu ambaye hata magharibi ya siku aliyoondoka hakuiona.

"Hata siku moja," nikasema.

Emerance alianza kulia kabla yangu. Nilimwambia anyamaze, akachukue nguo zake, gari la mwisho halisubiri mtu. Akanyanyuka akaingia ndani kwa bibi yake. Mimi nilibaki nimekaa pale ukingoni, nimeshika mkono wangu mwenyewe juu ya kiwiko, nikamlilia mume wangu kwa sauti kubwa mpaka wanawake waliokuwa wakilima ng'ambo ya bonde wakasimama kusikiliza.